Kinda wa kasuku anayechelewa kuacha uji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu mwenye kinda wa kasuku aliyelelewa kwa mkono, ambaye manyoya yameshafunga, umri wa kula mwenyewe umefika, lakini bado analilia uji, yaani unga maalumu wa makinda uliokorogwa kwa maji na kulishwa kwa bomba. Majibu yamezingatia mazingira ya Dar es Salaam: joto, unyevu, umeme unaokatika na vyakula vilivyopo sokoni. Kila jibu linajitegemea. Pale jambo lilipoelezwa kwingine, utaona namba ya swali husika.

## Mambo ya msingi

1. Kinda wa kasuku huacha uji akiwa na umri gani?

Inategemea aina. Baji, yule kasuku mdogo wa asili ya Australia, huacha kwenye wiki ya 6 au 7. Wale kasuku wadogo wa jamii ya Agapornis, ambao wauzaji huwaita lavubedi, huacha kati ya wiki ya 6 na 8. Kokateli, mwenye kishungi kichwani, huchukua wiki 7 hadi 10, na kasuku wa kijani mwenye pete shingoni wiki 8 hadi 11. Kasuku wa kijivu kwa kawaida ni wiki 12 hadi 16, na wapo wanaofika wiki ya 20 bila ugonjwa wowote.

Umri unakuambia lini uanze kuweka chakula kigumu mbele yake. Haukuambii lini uache kumlisha. Uzito na gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, ndivyo vinavyoamua (tazama swali la 5 na la 6). Tena umri unaotajwa na muuzaji mara nyingi ni wa kukisia. Kwa kasuku wa kijivu angalia jicho: la kinda ni jeusi au kijivu iliyokolea, kisha hupauka polepole, na njano hukolea baada ya mwaka wa kwanza. Ukiambiwa ana miezi 8 na jicho bado ni jeusi kabisa, usipange ratiba yako kwa umri huo.

2. Nitasema amechelewa lini?

Akipita umri wa juu wa aina yake kwa wiki tatu hivi na bado anaishi kwa uji. Ila wachelewaji hawafanani. Yupo anayemega, anatafuna na kumwaga, lakini hamezi kitu. Yupo anayekula vizuri mchana na kulilia uji usiku tu. Na yupo asiyegusa chochote. Wawili wa kwanza wanahitaji muda na mpangilio. Wa tatu apimwe na daktari wa mifugo kwanza, kwa sababu kinda anayeumwa hana hamu ya kujaribu vitu vipya.

3. Nikimnyima uji, njaa haitamlazimisha kula?

Hapana, na ushauri huu umeua makinda wengi. Kinda mwenye njaa kali hafikirii sahani. Anafikiria mkono unaomlisha. Hulia, hutikisa kichwa, huzunguka tundu zima na kuchoma nguvu alizobakiwa nazo huku chakula kiko mbele yake. Mwili ukishachoka gole hupunguza kasi, na hapo hata uji ukirudishwa haushuki vizuri. Wengi wanaopona hubaki waoga wa vyakula vipya na wenye kulialia hata ukubwani.

Kinachofaa ni hamu ndogo, si njaa. Mlo wa uji huchelewa kidogo, chakula kizuri kinakuwa tayari mbele yake, na baada ya hapo uji unakuja bila kukosa.

4. Nahitaji vifaa gani?

Mizani ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja, kipimajoto cha chakula, mabomba ya sindano yasiyo na sindano yenyewe (mililita 5 kwa ndege wadogo, 20 kwa kasuku wa kijivu), sahani tatu fupi zenye uzito wa kutosha zisipinduke, na daftari. Ukikosa pesa ya vyote, nunua mizani kwanza. Mpira wa bomba ukianza kukwama, tupa bomba hilo: bomba linalokwama hutoa uji kwa kishindo, na kishindo hicho ndicho kinachoupeleka kwenye njia ya hewa.

## Uzito, gole na kinyesi

5. Napimaje uzito, na akipungua kiasi gani ni kawaida?

Pima kila asubuhi saa moja, baada ya kinyesi cha kwanza na kabla hajala chochote. Kinda asiyetulia mweke kwenye bakuli la plastiki ulilokwisha kulifuta uzito wake kwenye mizani. Andika papo hapo. Kipimo cha jioni baada ya kushiba hakina maana, kwa sababu unapima uji uliomo ndani.

Kabla ya kuruka, kila kinda hupungua. Mwili unajipunguza ili mabawa yaweze kuubeba. Upungufu wa hadi asilimia 10 ya uzito wake wa juu kabisa ni wa kawaida. Kati ya 10 na 15, simamisha kupunguza uji na ubaki pale ulipo. Ukizidi 15, rudisha mlo mmoja siku hiyohiyo na umpeleke kwa daktari.

Kwa mfano, kasuku wa kijivu aliyewahi kufika gramu 460 anaweza kushuka hadi 414 bila wasiwasi. Akigusa 391, hiyo ni asilimia 15. Kwa lavubedi wa gramu 50, asilimia 10 ni gramu 5 tu, ndiyo maana mizani inayoruka gramu tano tano haifai.

Pamoja na mizani, gusa kidari. Mfupa wa katikati unatakiwa usikike, lakini nyama iwepo kila upande. Ukisikia mfupa umechongoka na pembeni kumebonyea, amekonda, hata kama namba za daftari zinaonekana nzuri.

6. Nitajuaje kama anakula kweli au anachezea tu?

Maganda yaliyotapakaa hayathibitishi chochote. Kinda anaweza kupasua mbegu siku nzima bila kumeza hata moja. Hakiki mambo mawili.

La kwanza ni gole, ule mfuko wa chakula ulio chini ya shingo, mbele ya kifua. Lishike kwa upole jioni kabla ya mlo wa uji. Kama ndani kuna vipande vinavyosikika, amemeza. Kama ni ngozi tupu, hakumeza.

La pili ni kinyesi. Cha uji ni kingi, kilaini, cha kahawia au rangi ya unga wenyewe. Anayekula vigumu hutoa kinyesi kidogo, kilichojikunja, cha kijani iliyokolea, chenye sehemu nyeupe pembeni. Rangi hubadilika kufuata chakula, kwa hiyo usishtuke ukiona wekundu baada ya papai au karoti. Kijani cha majimaji pamoja na uzito unaoshuka maana yake hali chochote.

7. Gole linatakiwa kuisha lini?

Mara moja kwa siku liishe kabisa, na wakati wake ni usiku. Asubuhi likiwa bado na uji wa jana, usiongeze uji juu yake: huo wa zamani unachacha na wa leo utachacha nao. Mpe mililita chache za maji safi ya vuguvugu, subiri saa mbili, angalia tena. Halijashuka, au linanuka uchachu, nenda kwa daktari (swali la 21).

## Kupunguza uji

8. Nianze kuondoa mlo upi?

Wa mchana, kisha wa asubuhi, na wa jioni uwe wa mwisho kabisa. Usiku wa Dar ni wa saa 12 hivi mwaka mzima, na kinda asiyejua kushiba mwenyewe hapaswi kuupita akiwa mtupu. Asubuhi naye huamka na hamu ya kweli, kwa hiyo ndio wakati bora wa kumwekea chakula kigumu.

Chukua kasuku wa kijivu wa gramu 420 anayekula mililita 40 mara tatu: saa 1 asubuhi, saa 8 mchana na saa 1 usiku. (Kiwango cha juu kwa mlo mmoja ni karibu asilimia 10 ya uzito wake.) Punguza mlo wa mchana kwa mililita 4 kila baada ya siku tatu, ilimradi uzito umetulia. Ukifika mililita 15, uondoe. Kaa hapo wiki nzima. Kisha usogeze mlo wa asubuhi taratibu kutoka saa 1 hadi saa 3, chakula kigumu kikiwa ndani ya tundu tangu kunapopambazuka. Akianza kufika saa 3 na vipande ndani ya gole, anza kuupunguza huo nao kwa mwendo uleule. Mlo wa jioni usiuguse mpaka milo mingine yote miwili imekwisha na uzito umekaa sawa kwa siku kumi.

Usipunguze milo miwili kwa wakati mmoja. Uzito ukishuka hutajua kosa lilikuwa wapi.

9. Uji uwe na joto gani, na mzito kiasi gani?

Nyuzi 40 hadi 41 za Selsiasi, zilizopimwa kwa kipimajoto baada ya kukoroga. Ukipita 43 unaunguza gole, na jeraha hilo huweza kutoboka hadi nje siku kadhaa baadaye. Ukiwa chini ya 38, kinda wengi huukataa au gole huchelewa kuisha. Kupima kwa kidole hakutoshi. Maikrowevu nayo huacha sehemu zinazochemka katikati ya uji unaoonekana wa vuguvugu, kwa hiyo chemsha maji peke yake, yapoze, kisha koroga unga.

Kwa kinda wa umri huu, gramu 30 za unga maalumu kwa mililita 80 za maji ni uzito mzuri, isipokuwa maelekezo ya pakiti yakisema vingine. Uji mwepesi kupita kiasi ni sababu ya kuchelewa isiyotiliwa maanani: gole linajaa maji, kinda analia saa mbili baadaye, mlezi anadhani ni deko. Uji uliobaki mwaga. Usiuhifadhi kwa mlo ujao.

10. Unga maalumu wa makinda umeniishia. Nitumie uji wa lishe wa watoto?

Usiwe mlo wake wa kila siku. Unga mwingi wa lishe una maziwa, sukari au vyote viwili, na ndege hawana uwezo wa kumeng'enya sukari ya maziwa. Uji mtupu wa mahindi ni mbaya zaidi, kwa sababu hushibisha bila kujenga.

Kinachofaa kuvusha siku mbili tatu ni peleti za kasuku (chakula kikavu cha kiwandani kilicho katika vipande vidogo) zilizosagwa laini, zikalowekwa kwa maji ya moto dakika 15, zikachujwa na kushushwa hadi joto la swali la 9. Kwa kinda anayejifunza kula, hii hata ina faida yake: anazoea ladha ya chakula atakachokikuta sahanini.

11. Ghafla anakataa bomba na anageuza kichwa, lakini vigumu hali. Nimlazimishe?

Usimlazimishe. Siku za kuanza kuruka, kinda hupoteza hamu ya uji kwa siku kadhaa. Ukimsukumia bomba huku anahangaika, uji huingia kwenye njia ya hewa (swali la 22). Mwache aruke, jaribu tena baada ya nusu saa, badili bomba kwa kijiko kilichokunjwa kingo. Mizani itakuambia kama unaweza kuendelea kusubiri.

## Chakula chenyewe

12. Nianze na vyakula gani?

Laini, vya vuguvugu, vyenye rangi. Kinda anajua chakula kama kitu cha moto chenye unyevu, kwa hiyo mbegu kavu kwenye sahani baridi haimwambii kitu. Pika mchanganyiko huu bila chumvi wala mafuta: sehemu mbili za boga, karoti na viazi vitamu, sehemu moja ya wali wa mchele usiokobolewa au mahindi mabichi, sehemu moja ya choroko au dengu zilizoiva vizuri, na kiganja cha majani yaliyokatwakatwa. Matembele, majani ya maboga, sukuma wiki na chainizi yanafaa kila siku. Mchicha mpe mara mojamoja, kwani una oksalati inayozuia kalsiamu kufyonzwa.

Gandisha kwenye trei ya barafu, kipande kimoja kwa mlo mmoja, na upashe kwa mvuke hadi nyuzi 38 hivi. Umeme ukikatika muda mrefu na vipande vikalainika kabisa, usivigandishe tena.

Papai na mbegu zake, embe, pera na pilipili hoho ni vya kuonja baadaye asubuhi. Pilipili kali pia ni salama, ndege hawasikii ule mwasho. Matunda yasizidi, yanajaza tumbo maji na sukari.

13. Choroko za kuota zinaandaliwaje?

Loweka choroko safi saa 8 hadi 12, mwaga maji, ziweke kwenye chujio lililofunikwa kitambaa chepesi. Suuza mara nne kwa siku. Kwa joto la hapa, mkia wa milimita chache hutokea ndani ya siku moja hadi moja na nusu, na hapo ndipo zinapofaa. Zikiteleza au kunuka, tupa zote. Ni laini, zina protini, na makinda wanaokataa kila kitu mara nyingi hukubali hizi kabla ya nyingine.

14. Alizeti na karanga je?

Suke la ulezi au uwele lililoning'inizwa ni mwalimu mzuri kwa baji, lavubedi na kokateli, kwa sababu punje hutoka kirahisi na mdomo hujifunza kazi. Alizeti iwe zawadi, si chakula. Mbegu pekee hazina vitamini A wala kalsiamu ya kutosha.

Karanga usimpe. Hifadhi yenye unyevu wa pwani huleta ukungu, na ukungu huo hutoa sumukuvu inayoharibu ini. Tahadhari hiyohiyo iende kwa mahindi makavu yenye madoa.

Kwa kalsiamu, mfupa mweupe wa dome (mnyama wa baharini wa jamii ya ngisi) hupatikana kwa wavuvi na sokoni Feri. Uloweke maji baridi siku tatu ukibadilisha maji kila siku ili chumvi itoke, uchemshe dakika 15, uukaushe juani, kisha uufunge pembeni mwa tundu. Kasuku wa kijivu anauhitaji zaidi ya wengine, pamoja na jua la asubuhi la moja kwa moja, dakika 20 hivi, lisilopitia kioo cha dirisha. Kona moja ya tundu iwe na kivuli.

15. Ni vyakula gani nisimpe kabisa?

Parachichi, chokoleti, kahawa, chai, pombe, kitunguu maji na kitunguu saumu, chochote chenye chumvi nyingi, maharage yasiyoiva, muhogo mbichi na kisamvu. Parachichi liwekewe mkazo: huua kasuku, na kwa kuwa liko kila nyumba msimu wake ukifika, mgeni mwema anaweza kumpa kipande bila kujua.

16. Chakula kilaini kikae tunduni muda gani?

Saa mbili. Kuanzia Desemba hadi Machi, saa moja. Ni afadhali vijisahani vinne kwa siku kuliko kimoja kilichojaa. Sahani yenye sisimizi toa mara moja, na tundu lisimame juu ya meza ambayo miguu yake imo kwenye vikopo vya maji. Peleti kavu zinaweza kukaa siku nzima, lakini zitupe jioni, zikishanyonya unyevu huota ukungu usioonekana.

17. Hagusi chochote. Nifanye nini hatua kwa hatua?

Kwanza apimwe na daktari, kama swali la 2 lilivyosema, na hakikisha dalili za swali la 21 hazimhusu. Kisha anza na vidole. Dakika 20 kabla ya mlo wa uji, chukua kipande cha boga au peleti iliyolowa, cha vuguvugu, kikubwa kama punje ya mahindi, ukisogeze pembeni mwa mdomo wake. Usikisukume ndani. Atakibana, atakizungusha kwa ulimi na pengine atakitupa. Huko kukibana ndiko unakokitafuta. Mpe vipande vitano sita, kisha mpe uji wake kamili.

Baada ya siku tatu nne, chovya vipande kwenye uji wenyewe ili ladha anayoijua imfikishe kwenye kitu asichokijua. Halafu shusha mkono: kipande kitoke kidoleni, kisha kiganjani, kisha kwenye sahani fupi huku kidole chako kikigonga ndani yake. Makinda hufuata kidole kinachodonoa.

Kula mbele yake. Kasuku ni ndege wa kundi, na kitu kinacholiwa na wenzake hukiamini. Kaa naye mezani asubuhi, tafuna kipande cha karoti, weka cha kwake karibu. Kama una kasuku mkubwa mwenye afya anayekula vizuri, weka matundu mawili yakitazamana wakati wa chakula, baada ya karantini ya siku 30 angalau. Hakuna mbinu inayoushinda mfano wa ndege mwenzake.

Mahali pa chakula nako kuna uzito. Kinda bado hajui kutafuta sahani iliyofungwa juu. Tandika karatasi nyeupe sakafuni mwa tundu, tawanya chakula humo, weka kijiti cha kusimamia sentimita 5 tu kutoka chini, na bandika majani mabichi kwenye waya usawa wa macho yake. Badilisha kitu kimoja kwa siku, visiwe vitano. Wengine huelewa ndani ya wiki, wengine huchukua wiki sita. Ilimradi uzito uko sawa, wiki sita si ugonjwa.

18. Maji aanze lini?

Siku unayoweka chakula kigumu cha kwanza. Bakuli fupi, kina cha sentimita 2, maji yaliyochemshwa yakapozwa, yabadilishwe mara mbili kwa siku. Usichanganye vitamini humo, yanaharibika haraka na kinda huyakwepa.

## Nyumba inayomlea

19. Tundu liwekwe wapi?

Sebuleni, ukutani, usawa wa kifua chako, mbali na jiko. Moshi wa mkaa, udi, dawa ya mbu ya kuchoma au ya kupuliza, na mvuke wa kikaango kisichoshika chakula kikiachwa motoni vyote vinaumiza mapafu ya ndege, na hicho cha mwisho kinaua ndani ya muda mfupi. Ukilitoa tundu barazani asubuhi, usiondoke: kunguru wa mjini na paka hawahitaji hata dakika tano.

Akianza kuruka, pangaboi lizimwe kila anapokuwa nje ya tundu, na kila mtu wa nyumbani alijue hilo.

20. Nimkate mabawa ili atulie ale?

La. Kuruka kunaamsha hamu ya kula na kumpa ujasiri wa kuzikaribia sahani mwenyewe. Kinda aliyekatwa kabla ya kujua kuruka huanguka, huogopa, na mara nyingi hurudi kulilia mkono. Mpe wiki kadhaa za kuruka kwanza.

## Mambo yanapokwama

21. Ni dalili gani za kwenda kwa daktari leo, si kesho?

Gole halikuisha usiku kucha. Anatapika, au gole linanuka. Ana utando mweupe mdomoni, ambao mara nyingi ni fangasi. Amejitutumua manyoya na macho yamefumba mchana. Mbegu nzima nzima zinatoka kwenye kinyesi. Anatikisa mkia kila anapopumua. Kasuku wa kijivu anatetemeka au anaanguka kutoka kijitini, jambo linaloweza kuwa upungufu wa kalsiamu. Uzito umeshuka zaidi ya asilimia 15.

Njiani mfunge kwenye sanduku lenye matundu ya hewa na chupa ya maji ya moto iliyoviringishwa taulo, nyuzi 30 hivi. Kinda aliyepoa asilishwe kabla hajapata joto. Beba daftari la uzito, na kinyesi cha siku hiyo juu ya karatasi safi ya plastiki. Uliza mapema kama daktari amezoea ndege wa kufugwa ndani, maana kuku na kasuku hawatibiwi sawasawa. Hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo ipo Morogoro kwa matatizo makubwa, lakini kinda dhaifu atulizwe kwanza hapa Dar kabla ya safari hiyo.

22. Amepaliwa na uji. Nifanye nini?

Acha kumlisha papo hapo. Mwinamishe kidogo kichwa chini, futa mdomo, mwache akohoe mwenyewe mahali pa joto na utulivu. Usimpulizie, usimpe maji. Akirudia kupumua kawaida, mwangalie kwa siku mbili zijazo. Akibaki na mlio wa kubofya kila anapopumua au akakataa kula, apelekwe kwa daktari siku hiyo: uji uliobaki mapafuni huleta maambukizi.

23. Alishaacha uji wiki tatu zilizopita. Nimehama nyumba, sasa analia upya.

Mpe. Kuhama, mgeni, ugonjwa au kubadilishiwa tundu humrudisha nyuma, na kumlisha mililita 10 hadi 15 jioni kwa siku chache hakufuti alichojifunza. Asubuhi endelea na chakula kigumu kama kawaida. Wengi huacha wenyewe ndani ya wiki mbili.

24. Analia siku nzima, hata akiwa ameshiba. Nimjibu?

Shika gole. Likiwa tupu, ana njaa, mlishe. Likiwa limejaa, anataka kuwa karibu na mtu: mweke begani, ongea naye, mpe jani la kuchana. Bomba lisiwe jibu la upweke, la sivyo uji utabaki kuwa njia yake ya kukuita.

25. Ana miezi 6, uzito mzuri, anakula kila kitu, lakini anadai kijiko cha jioni.

Huyo si mchelewaji tena. Badilisha kijiko cha uji kiwe kijiko cha boga la vuguvugu lililopondwa, wakati uleule, mkono uleule. Hakuna haja ya kumnyima kijiko hicho.

26. Nimeuziwa kinda ambaye bado analishwa. Kuna jambo la kisheria?

Lipo. Makinda wengi wanaouzwa kwa bei ya chini wametolewa viotani porini. Kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na kasuku wa kijivu yuko kwenye Kiambatisho cha I cha CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini kutoweka, tangu Januari 2017, kumaanisha biashara ya kimataifa ya waliotoka porini imepigwa marufuku. Uliza hati kabla ya kulipa. Kama tayari unaye na huna hati, wasiliana na ofisi ya wanyamapori. Wakati huo usikatishe kumlisha, na usimwachie huru: kinda asiyejua kula hawezi kuishi nje.

27. Nina makinda wawili wa kiota kimoja. Mmoja anakula, mwingine bado.

Waache pamoja mchana, anayekula ni mwalimu. Watenganishe kwa waya wakati wa mlo wa uji na wakati wa kupima gole, vinginevyo aliyekwisha kuacha ataanza kudai tena, na wewe hutajua nani amemeza nini. Tia alama ya rangi kwenye pete ya mguu wa kila mmoja na uwafungulie kurasa mbili tofauti za daftari. Kama wa pili anafukuzwa sahanini, ongeza sahani ya tatu upande wa pili wa tundu, mbali na macho ya mwenzake.